Kutoka Feri Hadi Mnazi Mmoja: Wanawake Waliozipamba Sikukuu za Dar es Salaam



Idi ikikaribia, na harusi za Mfunguo Mosi zikianza kupangwa, maswali yanayotufikia kwenye cherehani ni yale yale. Sare iwe rangi gani? Tununue doti ngapi? Mwimbaji tumwite nani? Na la mwisho huulizwa kwa sauti ya chini: hivi kweli inafaa, sisi wanawake wa Kiislamu, kuita waimbaji na kupiga ngoma siku ya furaha? Maswali ya mwanzo tunayajibu kwa futi na mkasi. Hili la mwisho halijibiki bila kujua tumetoka wapi. Kwa hiyo leo tunaweka mshono pembeni kidogo, tuzungumze historia.

Sisi wafanyabiashara wa kisiwani njia yetu ni moja. Tunavuka kwa boti, tunashuka bandarini Dar es Salaam, jirani na Feri, tunaelekea Kariakoo kutafuta vitambaa, kisha tunarudi na mizigo. Wengi wetu tumepita njia hiyo mara nyingi na macho yetu yako kwenye bei tu. Lakini kati ya Feri na Kariakoo upo uwanja mmoja ambao kila mwanamke wa pwani anapaswa kuujua. Ni Mnazi Mmoja. Si ule wa kwetu Unguja, ni mwenzake wa Dar es Salaam.

Uwanja uliowekwa kutenga watu

Tuanzie mwanzo. Kabla ya jiji palikuwa na kijiji cha Mzizima. Katika miaka ya 1860 Sultani Majid bin Said wa Zanzibar akaanza kujenga mji mpya kando ya ile bandari iliyotulia, ukaitwa Dar es Salaam. Wajerumani wakaufanya makao makuu yao mwaka 1891, wakayahamisha kutoka Bagamoyo. Vita Kuu ya Kwanza ikaja, Waingereza wakauteka mji mwaka 1916, na mahali walipoweka kambi ya wapagazi wao, wale wa Carrier Corps, wenyeji wakapaita Kariakoo. Jina lile la shida na mizigo ya vita ndilo leo tunalitamka kwa furaha tukienda kununua satini.

Waingereza wakaugawa mji kwa rangi za watu. Wazungu upande wa bahari, Wahindi katikati, Waafrika Kariakoo na Ilala. Kati ya Uhindini na Kariakoo wakaacha eneo wazi lisilojengwa, ili watu wasichanganyike. Eneo hilo ndilo Mnazi Mmoja.

Sasa tazama kazi ya Mwenyezi Mungu. Uwanja uliowekwa ili kutenga watu ukawa ndio uwanja wa kuwakutanisha. Maulidi yakasomwa pale. Sikukuu za Idi zikasherehekewa pale, watoto na nguo mpya, bembea, vyakula, na ngoma. Pwani yetu haina majira ya joto kama ya Ulaya ambako watu hungoja jua ndipo watoke nje. Sikukuu zetu zinafuata mwezi, na kila mwaka zinarudi nyuma siku kama 11. Mwaka mmoja Idi inaangukia masika, miaka kadhaa baadaye inaangukia kipupwe. Ikiangukia kipupwe, pepo za kusi zinavuma na anga ni safi, hakuna raha kama kukaa uwanjani na familia.

Beni, lelemama, na mashindano

Nani walikuwa wakiburudisha? Kwa wanaume, ngoma iliyovuma ilikuwa beni. Ilianza pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19. Watu waliziona bendi za kijeshi za wakoloni, wakazigeuza kuwa ngoma yao, na tarumbeta, na gwaride, na vyeo. Kila chama kilikuwa na kingi wake na majenerali wake. Dar es Salaam vyama viwili vilishindana sana, Marini na Arinoti. Marini walijihesabu watu wenye nafasi, Arinoti walikuwa watu wa kazi za kawaida. Askari na wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918 waliibeba beni mpaka bara. Ukipita Barabara ya Samora ukaiona ile sanamu ya Askari iliyowekwa mwaka 1927, kumbuka kwamba askari wale hawakurudi na makovu peke yake, walirudi na nyimbo pia.

Wanawake nao walikuwa na zao, na kubwa kwa pwani yote ilikuwa lelemama. Wanawake wanajipanga mstari, wamevaa sawasawa, wanakwenda kwa mwendo wa polepole wenye madaha, huku wakigonga buti au pembe. Hakuna kurukaruka. Uzuri wake ni utulivu na kufuatana. Mombasa vyama kama Banu Saada na Ibinaal Watan vilishindana kwa nguo, kwa nyimbo na kwa karamu.

Watu wakisikia hivi hudhani ni wanawake waliokosa kazi za kufanya. Lakini jiulize, karamu ile ilitoka wapi? Nguo arobaini za aina moja zilinunuliwaje? Ilibidi kuwe na mwenyekiti, kuwe na mweka hazina, kuwe na michango na adabu ya kutoa mchango kwa wakati. Mwanachama akifiwa, wenzake wanakuja. Akiozesha, wenzake wanakuja. Aliyehama kutoka Kilwa, Mafia au Bagamoyo, asiye na dada wala shangazi mjini, alipata dada ndani ya chama. Ngoma ilikuwa ndiyo sura ya nje. Ndani mlikuwa na chama cha wanawake, tena katika zama ambazo hakuna ofisi iliyokuwa ikiwasikiliza wanawake wa Kiswahili.

Si kwamba yote yalikuwa mema. Mashindano yalifilisi watu. Waume walilalamika, masheikh walikemea israfu na maneno ya kashfa katika nyimbo, na walikuwa na haki ya kukemea. Mombasa, kufikia miaka ya 1950, baadhi ya wanawake waliotoka katika lelemama waliingia katika vyama vya wanawake wa Kiislamu vilivyoshughulikia elimu na maendeleo. Tunalitaja hili kwa sababu linaonyesha kwamba chama kilikuwa na uhai kuliko ngoma yenyewe. Ngoma ilipungua, wanawake wakaendelea kukutana.

Kwa nini sare zilikuwa na uzito

Hapa turuhusuni tuseme kama mafundi. Sare ya sikukuu haikuwa pambo tu.

Kwetu Unguja utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1897. Tanganyika ulifutwa kabisa kisheria mwaka 1922. Mwanamke mtumwa alikuwa akijulikana kwa kaniki, ile nguo nyeusi ya buluu ya bei ndogo. Alipopata uhuru wake, jambo la mwanzo alilolitaka ni kuvaa nguo ambayo haimtangazi. Kanga ikaja wakati muafaka kabisa. Inasimuliwa kwamba wanawake wa pwani walikuwa wakinunua leso za mraba na kuziunganisha kwa kushona, mpaka wafanyabiashara wakaanza kuagiza kitambaa kizima. Maandishi yakaongezwa mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa hizi tunazotumia leo. Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ambaye kanga zake zina alama ya Mali ya Abdulla, ni miongoni mwa waliozipa kanga misemo ya Kiswahili.

Basi fikiria wanawake wamesimama mstari mmoja siku ya Idi, huyu bibi yake alikuwa mtumwa, huyu bibi yake alikuwa mwenye watumwa, huyu katoka bara, na wote wamevaa doti moja. Nani atawatofautisha? Bibi harusi unayetuagiza sare leo, ukiwa na marafiki wa kila hali, wenye nazo na wasio nazo, hiyo ndiyo maana ya kitu unachoagiza. Ndiyo maana tunakushauri uchague kitambaa ambacho rafiki yako maskini kuliko wote anaweza kukinunua bila kukopa. Sare inayomwacha mmoja nje imekwisha kupoteza kazi yake.

Mwimbaji aliyegeuza ngoma kuwa jeshi

Katika wanawake wa Dar es Salaam waliokuwa wakiimba kwenye sherehe na Maulidi, yupo mmoja ambaye jina lake mnalijua. Bibi Titi Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, katika familia ya Kiislamu. Kabla ya siasa alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba.

TANU ilianzishwa tarehe 7 Julai 1954, na makao yake yalikuwa New Street, ambayo leo ni Mtaa wa Lumumba, ukingoni mwa Mnazi Mmoja. Mwaka 1955 alikuja mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, akauliza swali rahisi: wanawake wenu wako wapi? Viongozi wanaume hawakuwa na jibu zuri. Bibi Titi ndiye aliyepewa kazi, na pamoja naye walikuwepo wanawake kama Tatu binti Mzee.

Angefanya nini? Hakuwa na gari wala redio ya kutangazia. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma vya wanawake. Alijua kwamba kila kikundi kina mtu wake ambaye akisema neno, wenzake wanalifuata. Mnajua matokeo? Ndani ya miezi michache wanawake 5,000 walikuwa wamechukua kadi. Walikuwa wauza maandazi na vitumbua, wengi wao watu wazima, wengi wameachika au wajane wanaojitegemea, na wengi wao Waislamu. Mtafiti Susan Geiger, aliyezungumza na wanawake hao wakiwa wazee, aliandika kitabu kizima kuonyesha kwamba hawakufundishwa utaifa na wasomi. Walikuja nao kutoka kwenye vikundi vyao, ambamo kabila halikuwa kigezo.

Historia yake haikuwa ya maua tu. Baada ya uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961 aliiongoza Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, akawa naibu waziri, kisha akakamatwa mwaka 1969, akahukumiwa kifungo cha maisha kwa kesi ya uhaini, na akaachiwa kwa msamaha mwaka 1972. Aliishi kimya miaka mingi. Alifariki mwaka 2000. Leo barabara inayopita kando ya Mnazi Mmoja inaitwa Bibi Titi Mohamed. Dereva wa bodaboda anapokwambia "nakupitisha Bibi Titi", anakupitisha kando ya uwanja wa sikukuu kwa jina la mwimbaji.

Kwetu sisi hili ndilo fundisho kubwa la habari hii. Nchi ilipohitaji wanawake waliozoea kukutana, kuaminiana na kutunza fedha ya pamoja, iliwakuta wamekwisha kujipanga. Waliowapanga ni ngoma za sikukuu.

Taarabu, kutoka Siti mpaka spika kubwa

Hatuwezi kuzungumzia burudani ya Idi tukaiacha taarabu. Unguja, Nadi Ikhwan Safaa iliundwa mwaka 1905, na ilikuwa ya wanaume. Kisha akatokea Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, binti wa watu wa chini, ambaye mwaka 1928 alisafiri mpaka Bombay kurekodi santuri. Alifungua mlango. Santuri zake zilisikika pwani nzima, na hata mwandishi Shaaban Robert akaona maisha yake yanastahili kitabu. Alifariki mwaka 1950. Dar es Salaam nako vikaja vilabu vyake vya taarabu, Egyptian na Al-Watan, vyenye ushindani kama ule wa Marini na Arinoti.

Miaka ya 1990 mambo yakabadilika. Makundi makubwa, TOT na Muungano, yakashindana kwa mipasho, na sauti kama za Khadija Kopa na Nasma Khamis Kidogo zikajaza kumbi na viwanja siku za sikukuu. Wanawake wakasogea mbele kutunza, kila mmoja na noti yake na ujumbe wake kwa jirani. Wapo waliofurahi, wapo waliochukizwa. Sisi tunaona kitu kimoja kilichohama polepole bila kelele. Zamani mwanamke alikuwa mwanachama, anaimba na kuimbiwa. Sasa amekuwa mtazamaji mwenye noti mkononi. Muziki umekuwa mkubwa zaidi, chama kimekuwa kidogo.

Dini inasemaje

Turudi kwenye lile swali la sauti ya chini. Sisi si masheikh, kwa hiyo tutasema linalojulikana na mengine mwaulize wenye elimu.

Imepokewa katika Bukhari na Muslim, kutoka kwa Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, kwamba siku ya Idi wasichana wawili walikuwa nyumbani kwake wakiimba. Baba yake, Abubakar, akawakemea. Mtume wetu, swala na salamu zimshukie, akamwambia awaache, kwani kila watu wana sikukuu yao na ile ilikuwa sikukuu yetu. Imepokewa pia kwamba Wahabeshi walicheza kwa mikuki yao msikitini siku ya Idi, na Bibi Aisha akatazama akiwa nyuma ya Mtume mpaka akatosheka mwenyewe. Na katika harusi, kupiga dufu ni jambo linalojulikana.

Wanazuoni wamehitilafiana kuhusu ala nyingine za muziki, na hitilafu hiyo ni ya zamani, haitamalizwa na sisi wa cherehani. Lakini ukiziangalia habari hizi mbili unaona mipaka na unaona nafasi. Furaha ya sikukuu ina nafasi. Israfu, matusi, kuchanganyika kusiko na adabu na kupitwa na sala havina nafasi. Wanawake wa lelemama waliokuwa wakiimba wenyewe kwa wenyewe, wakasimama kwa adhana na kurudi, hawakuwa wakitafuta njia ya kutoka katika dini. Wengi walijua Maulidi kwa moyo.

Yaliyo mikononi mwetu

Tatizo letu leo ni hili. Majina ya vyama yamebaki, majina ya wanawake wengi yamepotea. Wale wa beni waliandikwa katika faili za wakoloni kwa sababu serikali iliwaogopa. Mama zetu hawakuogopwa, basi hawakuandikwa. Waliokuwa wasichana katika miaka ya 1950 sasa ni bibi vizee wa miaka themanini na zaidi, na kila Ramadhani inayopita tunasikia mmoja wao ametangulia mbele ya haki. Anakwenda na nyimbo zake, na mwendo wa miguu yake, na majina ya wenzake.

Kwa hiyo bibi harusi mpendwa, tunakuomba mambo manne, na hakuna hata moja linaloongeza gharama ya harusi yako.

La kwanza, kabla hujamtafuta mwimbaji mtandaoni, muulize bibi yako: zamani mlikuwa na chama gani? Sare yenu ilikuwa ipi? Nani alikuwa akiongoza? Andika majina. Simu uliyonayo mkononi inarekodi sauti, mrekodi kwa ruhusa yake.

La pili, siku ya singo au ya ngoma ya wanawake, wape wazee nusu saa yao bila spika. Wape nafasi watu wanaojua buti na vigelegele vya zamani. Muziki wa kukodi utaendelea baadaye. Na kwa kuwa ni siku ya wanawake peke yao, simu za kupiga picha zikusanywe mlangoni, ili mama wa watu acheze kwa amani na stara yake isionekane kesho kwenye simu za wasiomhusu.

La tatu, mlipe mwimbaji wako haki yake, na umlipe siku ile ile. Mwimbaji wa kike aliyeimba usiku kucha akaambiwa arudi Jumatatu amedhulumiwa. Kazi ya kuburudisha ni kazi, kama kushona.

La nne, sare ikishavaliwa, chama kisife. Mmekwisha kuwa watu thelathini mnaojuana, mmechangishana fedha na zikatosha. Hamjaona kwamba mmeunda kitu? Endeleeni na upatu. Mtembelee anayejifungua. Mzikane. Kukutana kwenu kusiishie kwenye picha.

Mara nyingine ukishuka Feri, ukitoka kwenye kelele za wauza samaki na foleni ya kivuko cha Kigamboni, ukiwa na muda, shika njia ya Mnazi Mmoja kabla hujaingia Kariakoo. Utakuta watu wamepumzika chini ya miti, wanafunzi, wachuuzi, na ule mnara wa Mwenge wa Uhuru. Hakuna kibao kinachosema hapa waliimba wanawake. Sisi ndio kibao. Tukisimulia, wanajulikana. Tukinyamaza, wamekwisha.

Mwenyezi Mungu awarehemu mama zetu waliotangulia, awape afya waliobaki, na atujaalie Idi na harusi zenye furaha, stara na baraka. Amin.